Mdogo Wangu, Kabla ya Kununua Draya, Hesabu Maji

Wadogo zangu mliotawanyika huku Uingereza, kuanzia London hadi Leicester, Coventry na Reading, swali linalonijia kila Oktoba ni lilelile. Dada, mvua haikatiki, nguo zinanuka uvundo kabla hazijakauka, tuko wawili tu, au wawili na kichanga, na fleti yenyewe ni ya chumba kimoja. Ninunue draya gani ya nguo isiyokula umeme? Leo nalijibu kwa urefu. Wengi wenu mnatumia mita ya kulipia kabla, na najua inavyouma kutia hela Jumatatu ukaanza kuichungulia mita Alhamisi.

Anza na jambo moja, maana mengine yote yanatoka humo. Unachokilipia kwenye draya ni maji. Chukua kilo saba za nguo za pamba. Mashine ya kufulia ikizikamua kwa mizunguko 1000 kwa dakika, zinatoka na maji kama asilimia 60 ya uzito wake zikiwa kavu. Hiyo ni lita nne na ushei. Zikikamuliwa kwa mizunguko 1400, yanabaki kama asilimia 50, yaani lita tatu na nusu. Sasa kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka joto la karibu theluthi mbili ya uniti ya umeme, na draya ya kizamani inapoteza joto jingine juu ya hapo. Mashine ya kufulia kukamua zaidi kwa dakika chache inakula umeme kidogo sana ukilinganisha na huo. Maji yanayotolewa kwa kukamuliwa ni rahisi mno kuliko yanayotolewa kwa moto.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujafungua tovuti ya duka lolote, nenda kaangalie mashine yako ya kufulia imewekwa mizunguko mingapi. Wengi huikuta 800 au 1000 kwa sababu ndivyo programu waliyoizoea ilivyopangwa. Pandisha hadi 1400 kwa pamba, mashuka na mataulo. Mataulo yakamue mara mbili, maana taulo nene ndilo linaloficha maji kuliko nguo yoyote nyumbani. Nguo laini ziache kwenye mizunguko ya chini. Na zile sare za kazi, hasa ninyi mnaofanya kazi za kulea wazee au hospitalini, nyingi zimechanganywa polyester. Zikikamuliwa vizuri na kutundikwa kwenye henga usiku, asubuhi zinavaliwa. Hazihitaji draya kabisa. Ukizitia humo pamoja na mataulo, zenyewe zinakauka mapema halafu zinaendelea kuchomwa zikisubiri taulo.

Baada ya hapo, hesabu mikupuo. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji, na kwa wiki mbili weka alama kila unapofua, na alama nyingine kila unapotamani draya. Ni mbili tofauti. Watu wawili wasio na mtoto mara nyingi wanafua mara mbili au tatu kwa wiki, lakini kinachowashinda kukausha ni mkupuo mmoja, wa mashuka na mataulo. Aliye na kichanga, na zaidi akitumia nepi za kitambaa, anaweza kuitaka draya kila siku. Idadi hii ndiyo itakayokuchagulia mashine. Muuzaji hatakuuliza, kwa hiyo nenda nayo kichwani.

Haya, tuje kwenye mashine zenyewe. Kuna ya bomba, ambayo inapasha hewa, inaipitisha kwenye nguo, kisha inaitupa nje kupitia bomba nene. Bei yake ni ya chini na haina mambo mengi ndani ya kuharibika, ila inataka tundu ukutani au bomba litolewe dirishani. Kama umepanga, tundu la ukutani ni la kumwomba mwenye nyumba kwanza, na umwombe kwa maandishi. Bomba la dirishani wakati wa Januari maana yake unalipia kupasha hewa, unaitupa nje, na baridi inaingia pale dirisha lilipoachwa wazi. Kwa fleti ndogo siipendi, isipokuwa kwa hali moja nitakayoieleza.

Kuna ya kondensa. Hii inapasha hewa vilevile kwa waya wa moto, lakini badala ya kuutupa mvuke nje inaupoza ndani, maji yanaingia kwenye tangi, nawe unalimwaga. Haihitaji tundu. Ndiyo iliyojaa kwenye nyumba za kupanga, na kwa umeme ndiyo mlafi. Mkupuo uliojaa wa kilo nane unaweza kupita uniti nne.

Na kuna ya pampu ya joto. Fikiria friji: inanyonya joto ndani na kulitoa mgongoni. Draya hii inafanya kazi hiyohiyo kwenye mzunguko uliofungwa. Upande mmoja unapoza hewa yenye mvuke hadi maji yanadondoka, na joto lililotoka kwenye mvuke huo linachukuliwa na kurudishwa upande wa pili kupasha hewa kwa mzunguko mwingine. Joto lilelile linatumika tena na tena. Ndiyo maana mkupuo wake uliojaa mara nyingi hauzidi uniti mbili. Hewa yake haifiki moto wa mashine nyingine, huwa kama nyuzi 50 hivi wakati kondensa inapita 70, kwa hiyo nguo hazichakai upesi. Kinachowaudhi watu ni muda: saa mbili na nusu, hata tatu. Mimi siuoni kuwa kasoro kubwa kwa nyumba yenye watu wawili au watatu. Hamna foleni ya mikupuo mitano Jumamosi. Ukiianzisha kabla ya kupika, mkimaliza kula na kuosha vyombo itakuwa karibu kumaliza.

Sasa hesabu yenyewe, nayo ndiyo sehemu ninayotaka muisome taratibu. Lebo ya zamani ya Ulaya, ile ya A+++ hadi D ambayo bado mnaiona madukani huku Uingereza, inaandika uniti kwa mwaka. Mwaka huo umepigiwa hesabu ya mikupuo 160, mchanganyiko wa iliyojaa na ya nusu. Draya ya kondensa ya kilo nane yenye daraja B huandikwa karibu uniti 560. Ya pampu ya joto ya ukubwa huohuo yenye A++ huandikwa karibu 235. Gawanya kwa 160 na utapata uniti tatu na nusu dhidi ya moja na nusu. Tofauti ni uniti mbili kila mkupuo. Kwa bei ya umeme iliyokuwa huku mwaka 2025, peni 26 hivi kwa uniti, hizo ni peni 52.

Tuseme dukani ya pampu ya joto imeizidi ya kondensa kwa pauni 120. Nyumba yenye kichanga inayoiwasha mara nne kwa wiki inaokoa kama pauni 108 kwa mwaka. Mwaka mmoja na kidogo, zile pauni 120 zimerudi, na kuanzia hapo ni faida tupu. Nyumba ya watu wawili inayoiwasha mara moja kwa wiki inaokoa pauni 27. Itachukua zaidi ya miaka minne. Na kama unaiwasha miezi ya baridi tu, zidisha miaka hiyo mara mbili.

Msinielewe vibaya hapo. Ninapendekeza ya pampu ya joto kwa karibu kila mmoja wenu, hata wa mara moja kwa wiki, kama mnatarajia familia kukua na mnaweza kuilipa bila kukopa. Lakini mtu asikutishe kwamba bila hiyo umetupa fedha. Aliye peke yake, anayekausha mara moja kwa wiki Novemba hadi Machi, asikope ili kununua draya ya pauni mia nne na zaidi. Kwake zipo njia nyingine mbili za kutazama kwanza.

Njia ya kwanza ni mashine ya kuvuta unyevu hewani. Unaanika nguo kwenye kianikio katika chumba kidogo, unafunga mlango na dirisha, unaiwasha. Nyingi za ukubwa wa nyumbani zinakula wati 150 hadi 250, kwa hiyo saa sita ni uniti moja au moja na nusu, takribani sawa na draya ya pampu ya joto. Inanunuliwa kwa bei ndogo zaidi, haina sharti la nafasi, na siku zisizo za kufua inaendelea kukausha hewa ya nyumba. Udhaifu wake ni mataulo, ambayo yanatoka magumu, na mtoto mchanga ambaye nguo zake haziwezi kusubiri hadi kesho. Nasisitiza dirisha lifungwe. Nimewaona watu wakiiwasha huku dirisha liko wazi, na hapo inakuwa inajaribu kukausha mvua ya nje.

Njia ya pili ni kufua nyumbani na kupeleka mataulo na mashuka yaliyokamuliwa vizuri kwenye dobi la mashine za kulipia, lile la mtaani. Kwa mtu wa mara moja kwa wiki ni jambo la kawaida na halina aibu yoyote.

Na ile hali ya draya ya bomba niliyoiahidi ni hii. Kuna draya ndogo za kilo tatu, za bomba, zinazokaa hata juu ya kabati. Kama nyumba yako tayari ina tundu ukutani alilolitoboa mpangaji wa zamani, na unakausha mikupuo midogo michache, ndogo hiyo inakutosha. Inakula zaidi kwa kila kilo, lakini kilo zenyewe ni chache.

Kuhusu lebo, kuna mtego umewachanganya wengi. Mashine za kufulia zilibadilishiwa lebo Machi 2021, zikaingia kwenye A hadi G, lakini draya hazikuguswa wakati ule. Ndiyo maana unaweza kukuta dukani mashine ya kufulia yenye D iliyo nzuri tu, na kando yake draya yenye B ambayo ndiyo mlafi. Kwenye lebo ya zamani ya draya, ukiona B au C ujue ni ya waya wa moto. Za pampu ya joto zinaanzia A+ kwenda juu. Wale mlioko Ujerumani, Uholanzi, Sweden na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, kwenu mambo yamebadilika tangu tarehe 1 Julai 2025. Lebo mpya ni A hadi G, uniti zinaandikwa kwa kila mikupuo 100, na masharti mapya yamefanya draya mpya zinazoingizwa sokoni ziwe za pampu ya joto. Msishtuke kuona mashine iliyokuwa A+++ sasa imeandikwa B au C. Mashine ni ileile, ngazi ndiyo imewekwa upya. Uswisi walishafika huko tangu mwaka 2012.

Kwenye lebo hiyohiyo ya zamani kuna alama ndogo ambayo wauzaji hawaitaji, nayo kwa fleti ina uzito mkubwa: daraja la kunasa mvuke, nalo linaanzia A hadi G. Daraja A maana yake zaidi ya asilimia 90 ya mvuke unaishia kwenye tangi. B ni kati ya 80 na 90. Kinachobaki kinavuja kwenye chumba chako, kinatua kwenye kioo cha dirisha na kwenye pembe ya ukuta nyuma ya kabati. Ukinunua draya ili kuepuka ukungu, kisha ukachagua ya daraja C kwa kuwa ilikuwa kwenye ofa, umelipa fedha na ukungu umebaki nao. Usishuke chini ya B. Angalia pia namba ya kelele. Kwa fleti yenye jirani chini, desibeli 65 au pungufu ndiyo ya kutafuta.

Na kwa kuwa nimeutaja ukungu, niseme hili kwa moyo wangu wote. Mwaka 2020, mjini Rochdale, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki baada ya kuishi kwenye fleti iliyojaa ukungu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika. Uchunguzi wa kifo chake uliomalizika Novemba 2022 ulieleza wazi kwamba ukungu ule ndio uliomdhuru, na leo kuna Sheria ya Awaab inayowabana wamiliki wa nyumba za kijamii kushughulikia unyevu na ukungu kwa muda maalumu. Ilianza kutumika Oktoba 2025. Kwa hiyo ukimlalamikia mwenye nyumba naye akakujibu kwamba tatizo ni nguo unazoanika ndani, usinyamaze ukakimbilia dukani. Piga picha zenye tarehe, andika barua pepe, itunze. Draya inapunguza mvuke unaotokana na nguo. Bomba linalovuja ukutani, paa bovu na ukuta usio na kinga ya baridi haviwezi kuponywa na mashine yoyote utakayonunua wewe.

Ukubwa. Watu wawili au watatu wanatoshwa na kilo saba au nane, kwa sababu mashine ya kufulia ya wengi wenu ni ya saba au nane, na mkupuo mmoja wa kufua uingie wote kwenye draya bila kubanwa. Pipa la kilo tisa au kumi halina faida kwako. Nguo chache kwenye pipa kubwa zinajibana upande mmoja, kipima unyevu kinazigusa kwa nadra, na mashine inazima mapema au inazunguka kupita kiasi. Hakikisha tu kwamba kipima unyevu kipo. Draya inayoenda kwa saa peke yake, ile ya kuzungusha kitufe hadi dakika 90, haijui nguo zimekauka lini na itaendelea kukuchoma hela. Ukipata yenye kiwango cha "kavu kwa kupiga pasi", kitumie kwa mashati na kanzu. Inazima nguo zikiwa na unyevu kidogo, unaokoa umeme, na pasi inateleza.

Pima nafasi kabla ya kulipa. Nyingi ni sentimita 60 upana na 85 urefu, lakini kina kinatofautiana, na mgongoni zinataka hewa kidogo. Draya inaweza kupandishwa juu ya mashine ya kufulia kwa kutumia fremu yake maalumu ya kuunganishia, na kwa jiko dogo huo ndio mpango bora. Ya kufulia haipandi juu ya draya. Ya pampu ya joto ni nzito, kilo 50 hivi, kwa hiyo kama unakaa ghorofa ya nne isiyo na lifti, waulize wanaoleta kama wanapandisha hadi ndani au wanaiacha mlangoni pa jengo. Na kama nafasi yenyewe ni banda la nje au gereji isiyopashwa joto, soma kwanza kiwango cha baridi inachovumilia. Nyingi za pampu ya joto na za kondensa hazifanyi kazi vizuri chini ya nyuzi 5.

Mtaniuliza habari ya ile inayofua na kukausha kwa pamoja. Kama huna pa kuweka mashine mbili, huna budi, lakini ingia ukijua mambo yake. Inafua kilo nane na kukausha tano tu, kwa hiyo kila mara unatoa nguo nusu. Nyingi zinakausha kwa waya wa moto, na baadhi zinatumia hata maji ya baridi ya bombani kupozea mvuke, ukalipa umeme na maji. Ikiharibika, umekosa vyote viwili siku moja. Zipo za pampu ya joto, ghali kidogo. Mwenye nafasi ya upana wa sentimita 60 iliyo wazi kwenda juu, achukue mbili zilizopandana.

Umeme wa bei ya usiku una jambo lake. Wenye mpango wa Economy 7 wanapata saa saba za bei nafuu usiku, na mchana wanalipa zaidi ya wenzao, kwa hiyo draya ya saa nane mchana kwenu ni hasara. Lakini vikosi vya zimamoto vya nchi hii vinaonya tusiiache draya ikifanya kazi tukiwa tumelala au tumetoka, na mimi nasimama nao. Kama unaamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya zamu, iwashe hapo, utapata karibu saa mbili za bei nafuu ukiwa macho. Kama hamna anayeamka, lipeni bei ya mchana. Tofauti ya peni kadhaa haifiki thamani ya watu waliolala ndani.

Moto wenyewe unatoka wapi? Kwanza kwenye vumbi la nyuzi. Chujio lisafishwe kila mkupuo, si kila wiki, na tangi limwagwe papo hapo. Chujio lililoziba linaongeza muda, kwa hiyo linaongeza bili pia. Za pampu ya joto zina sehemu ya pili chini, penye mapezi membamba ya chuma, nayo inafutwa kwa brashi laini kila baada ya muda unaoandikwa kwenye kitabu. Baadhi hujisafisha zenyewe, na huwezi kuzifungua. Uliza dukani ni ipi. Binafsi napenda ninayoweza kuifungua na kuona.

Pili, mafuta, na hapa nawazungumzia ninyi hasa, kwa mila zetu. Kanga uliyomfunga mtoto baada ya kumkanda kwa mafuta ya nazi, taulo la kichwa lililonyonya mafuta ya nywele, kitambaa cha jikoni kilichofutia sufuria ya mandazi: hivi vikifuliwa kwa maji ya baridi, mafuta hayatoki yote. Vikiingia kwenye joto, halafu vikarundikwa vingali vya moto, mafuta yanaendelea kupata joto yenyewe na kitambaa kinaweza kushika moto hata baada ya mashine kuzima. Fua kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha. Kikinuka mafuta bado, kianike. Wala usiizime draya katikati ukaacha nguo ndani. Zile dakika za mwisho inazozunguka bila moto zimewekwa ili nguo zipoe.

Tatu, waya. Ichomeke moja kwa moja ukutani, isiunganishwe kwenye waya wa kurefushia.

Kanga na vitenge vyenyewe, tazama lebo ya nguo kama ipo: mraba wenye duara ndani ni ruhusa ya draya, kitone kimoja ni joto la chini, na ukikatwa msalaba usiitie. Kanga huwa haina lebo. Mpya inachuja rangi na inaweza kurudi, kwa hiyo ianike. Ni nyepesi mno, ikikamuliwa vizuri inakauka kwa usiku mmoja ndani ya nyumba. Iliyozoea kufuliwa inavumilia joto la chini.

Kununua kwa mtumba naruhusu, kwa sharti. Soma namba ya modeli mlangoni au mgongoni, uiangalie kwenye orodha ya bidhaa zilizorudishwa. Mwaka 2019 kampuni ya Whirlpool ilirudisha draya zake zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, zikiwemo za Hotpoint na Indesit, kwa sababu ya hatari ya moto kutokana na nyuzi, na zile ambazo hazikurekebishwa bado zinaweza kupita mkono kwa mkono. Draya ya kondensa ya pauni 60 inaonekana neema, hadi uzikumbuke zile peni 52 za kila mkupuo. Mpya, kwa upande mwingine, ukiinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo, na ikiwa mbovu una siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha zako zote. Tunza risiti.

Kuhusu kulipa wiki kwa wiki, jumlisheni kwanza malipo yote hadi ya mwisho muone mashine itawagharimu kiasi gani. Mtakuta mara nyingi akiba yote ya umeme imeingia kwa mkopeshaji. Kama mna mchezo au chama na wenzenu, omba zamu yako iangukie Septemba, kabla baridi haijaanza, ulipe taslimu.

Siku mashine ikifika nyumbani, isimame wima bila kuwashwa kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu, hasa kama imelazwa njiani, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mkupuo wa kwanza tia mataulo, kaa karibu, sikiliza.

Na wale walioniuliza kama wanaweza kuitia ya zamani kwenye kontena kumpelekea mama Tanga au Mombasa: umeme wa kule utaikubali, na plagi ni ileile. Lakini ikiwa mbovu, sheria ya huku hairuhusu kuisafirisha, na ikiwa nzima, yaelekea ni ya kondensa, na itamlia mama umeme ambao ni wewe utakayemsaidia kuulipa. Nafasi hiyo ya kontena mpelekee mashine ya kufulia inayokamua kwa 1400.